Maswali tisa ya Elinipa kuhusu gemu

Jumamosi, saa nne asubuhi, mtaa mmoja wa Olasiti jijini Arusha. Elinipa Akyoo anageuza kreti tupu la soda, analipangusa vumbi kwa ncha ya kanga, kisha anakaa. Mbele yake kuna kibanda cha mabati chenye runinga tatu, na mbele ya runinga hizo wamesongamana vijana kumi na wanane. Amewahesabu mara mbili. Walioshika pedi za kuchezea ni sita. Waliobaki wanatazama, wanabishana na kusubiri zamu.

"Hebu niambie," anamwuliza mwandishi bila kuondoa macho kwenye runinga, "hapa wanaocheza gemu ni wangapi? Sita au kumi na wanane?"

Mwandishi anajibu sita.

"Na mimi mwaka jana nilijibu hivyo hivyo," anasema. "Yule mwenye fulana ya kijani amefika saa moja na nusu. Hajagusa pedi hata mara moja. Nikimwuliza leo umecheza kwa saa ngapi, ataniambia sijacheza. Na hatakuwa amedanganya. Ila dada yake ameshapita hapa mara mbili kumtafuta."

Anafungua daftari lake la mistari, anaandika maneno machache, analifunga. Kisha anatoa kishikwambi kwenye mkoba na kukiwasha. Siku ya kazi imeanza.

Elinipa, mwenye umri wa miaka 43, ni mkazi wa Nkoaranga kwenye miteremko ya Mlima Meru. Ni mdodosaji katika utafiti unaofanyika katika nchi nne, unaotaka kujua ni vijana wangapi wa miaka 13 hadi 18 wametekwa na michezo ya kwenye runinga na simu kiasi cha kuharibikiwa. Wenzake wanauliza maswali hayo hayo katika nchi mbili za Asia na moja ya Ulaya. Maswali ni tisa. Kila moja linajibiwa ndiyo au hapana. Kijana akisema ndiyo mara tano au zaidi, kishikwambi kinaonyesha rangi nyekundu, maana yake ana tatizo na apelekwe kwa mshauri nasaha. Akiwa chini ya hapo, rangi ni ya kijani, na mdodosaji anashukuru na kwenda nyumba inayofuata.

Inavyosikika ni kazi rahisi. Elinipa naye alidhani hivyo.

Alizaliwa Nkoaranga, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akilima kahawa na migomba kwenye shamba alilorithi kwa babu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2000 na matokeo yake hayakumpeleka mbele. Amefanya usafi katika zahanati, ameuza ndizi Tengeru kwa miaka kumi na moja, na mpaka leo anafundisha shule ya Jumapili katika usharika wao. Mwaka 2022 aliajiriwa kuwa karani wa sensa. Huko ndiko alikogundua kwamba anapenda kuuliza.

"Watu wengine walichoka," anasema. "Mimi kila nyumba niliyotoka nilikuwa na hamu ya kujua nyumba ya pili kukoje."

Mwaka uliofuata aliona tangazo la kazi ya udodosaji, akapeleka barua kwa mkono, akachukuliwa. Hulipwa shilingi elfu arobaini kwa siku ya kazi, na kuna miezi ambayo hakuna siku hata moja. Miezi hiyo hurudi kwenye ndizi.

Kabla ya kuanza hakuwa amewahi kushika pedi. Alimwomba binti yake, Brenda, aliyekuwa likizo kutoka chuoni, amfuate hadi kibandani amfundishe. Walicheza mpira. Elinipa alifungwa tisa kwa sifuri, mawili kati ya hayo akijifunga mwenyewe.

"Lakini nilielewa kitu," anasema. "Nilipofungwa la tatu nilitaka sana kurudisha. Nilisahau kwamba nimeacha maharage jikoni."

Wiki ya kwanza ya kazi ilimfundisha mengine. Dodoso lilikuwa limetafsiriwa na watu wenye elimu yao, kwa Kiswahili sanifu kabisa. Swali la kwanza liliuliza kama kijana anawaza sana kuhusu "michezo". Wavulana walijibu habari za mpira wa uwanjani. Mama mmoja wa Themi, aliyeketi karibu ili kutoa ridhaa ya mwanawe, alidakia kwamba mtoto bado ni mdogo, hajaingia kwenye mchezo wa kupeana hela kwa zamu.

Swali la nane liliuliza kama kijana hucheza ili kukwepa "hisia hasi". Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alifikiri, akakunja uso, akasema hasi na chanya walifundishwa kwenye hesabu, ila hisia hawajafika.

Elinipa hakuruhusiwa kumfafanulia. Kanuni ya kazi ilikuwa moja, nayo waliirudia siku zote tano za mafunzo: soma kama ilivyoandikwa, usiongeze wala usipunguze.

Kwa hiyo alisoma kama ilivyoandikwa. Ndivyo alivyokutana na Princess.

Princess si jina lake halisi. Ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na kibanda hiki cha Olasiti ni cha mjomba wake, Philemoni, fundi umeme wa magari. Akitoka shule, na Jumamosi kutwa, yeye ndiye anayekaa mlangoni, anapanga zamu na kutengeneza pedi zilizokufa. Mezani kwake kuna bisibisi tatu, chuma cha kulehemu nyaya na kopo la vitufe vya akiba.

Mwaka jana mwezi Februari, Elinipa alimsomea maswali akiwa ameketi kwenye meza hiyo hiyo.

Je, huwaza michezo hii hata wakati huchezi? Ndiyo, alijibu Princess. Umewahi kujaribu kupunguza muda wake ukashindwa? Ndiyo. Umewahi kuficha watu ukweli kuhusu muda unaoutumia kwenye michezo? Ndiyo. Imewahi kukugombanisha na mtu wa karibu? Ndiyo. Alipomaliza, msichana alikuwa na ndiyo nane kati ya tisa. Hakuna kijana katika jiji lote aliyekuwa amefikisha nane. Kishikwambi kikawa chekundu.

Elinipa anakumbuka alivyoinua macho na kumwangalia. Princess alikuwa ameshika pedi iliyopasuliwa, anapuliza vumbi ndani yake.

"Moyo wangu ulikataa," anasema. "Lakini nilibonyeza kutuma, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa."

Siku tatu baadaye mama wa Princess alipigiwa simu kutoka ofisi ya utafiti na kuelezwa kwamba binti yake ana dalili kubwa za uraibu. Mama huyo, mfanyabiashara wa nguo aliyetokea Rombo, neno uraibu alikuwa amelisikia redioni likitajwa pamoja na dawa za kulevya tu. Alimzuia binti asikanyage kibandani. Alimnyang'anya simu. Jumapili tatu mfululizo alimpeleka mbele ya kanisa kuombewa, na wanafunzi wenzake wawili wanaosali hapo wakaisambaza habari shuleni.

"Niliombewa nipone kitu ambacho hata sikijui," anasema Princess leo, kwa sauti ya chini, huku akigeuza bisibisi. "Mimi gemu sichezi. Sijui hata kufunga goli."

Elinipa aligundua kosa hilo kwa bahati. Wiki tano baadaye alipita Olasiti kwa kazi nyingine, akakuta kibanda kimefungwa kufuli. Philemoni alimsimulia yote, wala hakumficha hasira yake. Bila msichana yule, alisema, pedi zote zimekufa na wateja wamehama. Elinipa aliomba aonane na Princess. Walikaa kwenye kibaraza cha jirani, na kwa mara ya kwanza Elinipa akavunja kanuni.

"Nilimwuliza, mwanangu, niliposema huwaza michezo hii, wewe ulielewa nini?"

Princess alielewa kwamba anaulizwa kuhusu kibanda. Aliwaza gemu hata darasani, ndiyo, kwa sababu aliwaza pedi ipi haijatengenezwa. Alijaribu kupunguza muda akashindwa, kwa sababu wateja hawaondoki mpaka mechi iishe. Aliwaficha watu, kwa sababu msichana akisema anashinda kwenye kibanda cha gemu watu wanamnyooshea kidole. Aligombana na mama, kwa sababu mama alimtaka dukani na mjomba akamtaka kibandani. Jibu moja baada ya jingine lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililohusu alichoulizwa.

Siku hiyo, kabla ya kurudi Nkoaranga, Elinipa alinunua daftari. Kuanzia hapo, kila alipomaliza kutuma majibu ya kijana, alifunga kishikwambi na kuuliza swali moja la kwake: ulielewa nini? Aliandika jibu kama lilivyotamkwa. Hakumwambia mtu.

Mwezi Mei alipangiwa Nduruma, kwenye mashamba ya tambarare kusini mwa jiji. Ilikuwa Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi, kwenye veranda ya ofisi ya kijiji. Kijana wa nne siku hiyo alikuwa mrefu, mkimya, amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi vizuri. Alikubali habari zake ziandikwe hapa, kwa sharti kwamba jina alichague mwenyewe. Alichagua Parsimei. Alikuwa na miaka 15.

Elinipa alimsomea maswali tisa. Umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa? "Bado," alisema Parsimei. Kwenye kishikwambi hakuna bado. Elinipa akabonyeza hapana. Umewahi kuwaficha wazazi au walezi? "Hapana. Hawajaniuliza." Huwa unakasirika au kukosa raha unapoikosa? "Sijawahi kuikosa." Umepoteza hamu ya mambo mengine uliyoyapenda? Kijana alifikiri. "Mambo kama yapi, anti?" Elinipa hakuruhusiwa kutaja mfano. "Hapana," akasema Parsimei.

Alipata sifuri. Rangi ya kijani iliyokolea kuliko zote.

Elinipa alifunga kishikwambi. Ndipo alipotazama sare ile tena, akatazama na saa ya ukutani.

"Leo shule imefungwa?"

"Hapana."

"Umeomba ruhusa?"

Parsimei aliangalia viatu vyake. "Sijaenda tangu mwezi wa tatu, anti."

Alizungumza polepole, na Elinipa hakumkatiza. Kila asubuhi alikamua mbuzi, akavaa sare, akamuaga bibi yake na kutembea hadi kibanda cha gemu kilichoko njia panda. Alishinda huko mpaka saa tisa, kisha akarudi nyumbani kwa saa ile ile wenzake wanayorudi. Hakuwahi kuiba hata senti. Pale kibandani anayefungwa ndiye anayelipia mechi, na Parsimei hafungwi. Watu wazima wenye pikipiki walitoka hata kata jirani kuja kumjaribu. Walimwita Kocha.

"Na shule ilikukosea nini?" Elinipa alimwuliza.

"Kila kitu ni Kiingereza," alisema. "Nakaa kutwa nzima sielewi mwalimu anasema nini. Nikiulizwa nasimama tu. Kwenye gemu naelewa."

Alipomaliza alikumbusha jambo. "Ulisema ni siri, anti."

Ni kweli alisema. Ni sentensi ya kwanza kabisa kwenye dodoso, na kila kijana husomewa kabla ya kuanza. Siri ile ilifunguliwa tu kwa kijana aliyepata nyekundu, kwa mlezi wake na mshauri. Parsimei alikuwa na sifuri. Kwa utaratibu wa utafiti, alikuwa kijana asiye na tatizo lolote.

Elinipa anasema usiku ule hakula. Asubuhi alimwacha mumewe kwenye shamba, akateremka hadi ofisi ya utafiti iliyopo Themi bila miadi. Msimamizi wake ni Dokta Nelson Mlay, mwanasaikolojia mwenye miaka 38, mzaliwa wa Machame. Alimkuta anakunywa chai. Aliweka kishikwambi mezani, na kando yake akaweka daftari.

"Mama Brenda, huyu ana sifuri," alisema Dokta Nelson baada ya kusoma.

"Naijua hiyo sifuri, Dokta. Nimeibonyeza mimi."

"Mfumo hautoi rufaa kwa sifuri. Na haya ya kwenye daftari ni nini?"

Alimweleza. Dokta Nelson aliweka kikombe chini. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo yale, na wanayasimulia kwa namna moja. Hakupaza sauti. Alimwambia kwamba thamani ya utafiti ule ni kulinganisha, na ukibadilisha neno moja Arusha, namba ya Arusha haiwezi kukaa meza moja na namba za wenzao. Kama kila mdodosaji ataongeza swali lake, mwisho wa yote hakuna atakayejua nani amepima nini.

"Nilimwambia ana haki," anasema Elinipa. "Kwa sababu alikuwa nayo. Nikamwambia, basi tuiache namba. Niambie mtoto tunamfanyaje."

Dokta Nelson alichukua daftari, akamsimamisha kazi ya uwandani kwa wiki mbili huku madodoso yake arobaini na sita yakichunguzwa, na kumwambia akae karibu na simu.

Elinipa alirudi kwenye migomba. Anakiri kwamba aliogopa. Ada ya muhula wa Brenda ilikuwa inategemea kazi hiyo. Lakini kilichomsumbua zaidi, anasema, ni kwamba kila saa mbili asubuhi alimwona Parsimei akilini, amevaa sare, anashika njia.

"Nilisoma lile daftari nikiwa na hasira," Dokta Nelson anamwambia mwandishi. "Nilipofika katikati hasira ilikuwa imeniisha. Nimesoma hadi shahada ya uzamivu, na kwenye daftari la shilingi elfu moja nilikuta mambo ambayo sikuwahi kujiuliza."

Siku ya sita alipiga simu. "Mama Brenda, kesho twende Nduruma."

Hawakuanza kwa bibi. Walimtafuta Parsimei, wakamketisha kwenye veranda ile ile, na Dokta Nelson akamwambia kwamba siri ni yake, hakuna atakayeitoa bila yeye kutaka. Ila wana wasiwasi juu yake. Je, kuna mtu ambaye angependa ajue?

"Koko," alisema Parsimei. Ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Utamwambia mwenyewe, au tukusaidie?"

"Nitamwambia. Nyinyi mkae tu hapo."

Bibi yake, Susana, alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Elinipa alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kuletewa kigoda. Parsimei alisimama mbele ya bibi yake na kuzungumza kwa Kimaa. Elinipa Kimaa chake ni cha salamu na sokoni, lakini alisikia neno shule likirudi mara tatu.

Susana hakuacha kuchambua. Punje mbovu ziliendelea kudondoka pembeni, moja moja. Kisha akauliza kwa Kiswahili, labda kwa heshima ya wageni.

"Huko unakoshinda wanakupa chakula?"

"Hapana, koko."

"Kwa hiyo umeshinda na njaa tangu mwezi wa tatu."

"Ndiyo."

Aliweka ungo chini. Elinipa anasema bibi yule alitegemea mjukuu wake anakula uji shuleni; alikuwa amepeleka debe la mahindi mwezi Januari kwa ajili hiyo. Hilo ndilo lililomwuma kwanza. Mengine aliyauliza baada ya Parsimei kula.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Shule ilikubali kumpokea, kwa sharti kwamba arudie kidato cha pili Januari. Mwalimu mmoja wa Kiingereza alijitolea kumfundisha jioni mbili kwa wiki, akianza na vitabu vya darasa la tatu, ambavyo Parsimei alivificha ndani ya daftari la jiografia ili wenzake wasivione. Mshauri nasaha alikutana naye mara sita. Agosti alitoroka tena, siku mbili zilizofuatana. Siku ya pili Susana alitembea mwenyewe hadi njia panda, akaingia kibandani, akatengewa nafasi kwenye benchi katikati ya waendesha bodaboda, akakaa.

"Nilimwambia amalize," anasema Susana, ambaye mwandishi alimkuta nyumbani kwake Nduruma. "Mtu hatolewi katikati ya kazi. Alimaliza, alishinda, tukaondoka."

Je, alichukia alichokiona mle ndani? Anatikisa kichwa. "Nilishangaa. Watoto wote wanamwuliza yeye. Nyumbani kwangu nimezoea kumwambia tu: fanya hiki, leta kile."

Parsimei sasa yuko kidato cha pili tena. Anacheza Jumamosi, kwa saa mbili tu, na amefungwa mara kadhaa. Kuhusu Kiingereza anasema kwa Kiswahili kwamba anasoma maelekezo ya gemu yote bila kuuliza, ila fizikia bado.

Kwa Princess, Elinipa na Dokta Nelson walikwenda pamoja dukani kwa mama yake. Waliomba radhi. Mama huyo aliwasikiliza mbele ya wateja wawili, kisha akawauliza kama watakwenda kanisani pia kusema hivyo. Dokta Nelson alikwenda. Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, alisimama akaeleza kwamba kosa lilikuwa la dodoso, wala si la msichana. Princess anasema hakujua aangalie wapi, lakini Jumatatu shuleni ilikuwa afadhali, na baadaye mama akamruhusu kurudi kibandani.

Baada ya hapo ndipo kazi ya Elinipa ilipobadilika. Utafiti ulisimamishwa Arusha kwa miezi minne. Vijana ishirini na wanne waliitwa Themi, Princess akiwa mmoja wao, na wakapewa maswali tisa wayapasue. Elinipa ndiye aliyeongoza kikao, daftari likiwa mezani. "Michezo" ikawa gemu za kwenye runinga, simu au kompyuta. "Hisia hasi" zikawa huzuni, hasira au wasiwasi. Kucheza kukawa kucheza, kutazama wengine wakicheza au kusubiri zamu.

Na vijana walidai jibu la "bado" liwekwe.

"Walisema, anti, hapana na bado si kitu kimoja," Elinipa anaeleza. "Ukiniuliza umejaribu kuacha nikasema hapana, labda sina haja ya kuacha. Nikisema bado, hilo jambo nimeshaliwaza, sijaanza tu."

Hoja hiyo aliipeleka mwenyewe kwenye mkutano wa kila mwezi, ambapo timu za nchi nne huonana kwa kompyuta, naye huzungumza kupitia mkalimani. Anaisubiri mikutano hiyo. Mwenzake wa nchi moja ya Asia alisimulia vijana wanaojifungia chumbani siku nzima, na Elinipa akauliza kama kila kijana huko ana chumba chake peke yake. Mwenzake wa Ulaya alisema swali la kuwaficha wazazi limewashinda hata wao, kwa kuwa wazazi wengine wanacheza na watoto wao. Kila mmoja, inaonekana, alikuwa na daftari lake mahali.

"Nilidhani sisi ndio tuliokosea kuelewa," anasema. "Kumbe wote tulikuwa tunakisia."

Jibu la "bado" lilikubaliwa kwa majaribio. Vijana 212 waliohojiwa awamu ya kwanza wanahojiwa upya. Kati ya 31 waliokuwa nyekundu, mpaka sasa kumi na mmoja si nyekundu tena. Sita waliokuwa kijani wamekuwa nyekundu, na wote sita wameshaonana na mshauri. Dokta Nelson anaonya kwamba hizo ni namba chache na hazipaswi kushangiliwa.

Elinipa ana jambo lingine analolitaka. Anaomba swali la kumi: mbali na kwenye gemu, ni wapi pengine ambapo watu wanakuhitaji? Timu ya nchi nne ililikataa mwaka huu, kwa sababu halina ndiyo wala hapana na haliwezi kujumlishwa. Ila walimruhusu aliulize mwishoni, nje ya hesabu, mradi aandike majibu yote kama yalivyo.

Ameshawauliza vijana sitini na saba. Mmoja wa Olasiti alisema kwaya. Mmoja alisema kwa mama mgonjwa. Tisa walikaa kimya, naye akaandika kwamba walikaa kimya. Anataka afikishe mia moja kabla ya mvua za vuli, ayapeleke kwenye mkutano wa Novemba, na Januari aanze cheti cha ustawi wa jamii katika chuo kimoja hapa jijini, masomo ya jioni. Fomu ameshajaza. Mumewe amekubali kuuza ndama.

"Nikisoma nitajua namna ya kuwasaidia hao tisa," anasema. "Kwa sasa najua majina yao tu na nyumba zao. Nimewaambia nitarudi."

Kijana mwenye fulana ya kijani hatimaye amepata zamu, amecheza mechi moja, amefungwa. Anatoka nje akijinyoosha. Elinipa anasogea pembeni kwenye kreti, nafasi ya mtu mmoja, na kumwita.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, baba. Una dakika ishirini? Nina maswali kumi. Lolote usiloelewa, niambie hukuelewa. Hapo ndipo utakapokuwa umenisaidia."